Chui Saba kwa Madamu Mmoja

Juzi alipita hapa kwangu kijana mmoja wa mtaani, amevaa shati la nailoni lenye madoa ya chui, vifungo vimeachwa wazi ili dunia ione kifua ambacho bado hakina kitu cha kuonyesha. Akanisalimu, "Yambo, muzee," nami nikamwitikia vizuri, maana adabu anayo. Kisha nikacheka mpaka nikashika kiuno. Akaudhika. Basi haya ninayasema kwake na kwenu wenzake, ninyi mnaojifunza cherehani na kudhani fasheni imeingia Kasongo siku mlipozaliwa. Shati lile halikuua mnyama. Likiua, litamuua mwenye kulivaa, kwa jasho. Mimi nilishona ya kweli, kwa mikono hii, zamani za Wabelgiji, na wakati ule hakuna aliyenicheka. Walikuwa wanaziba pua tu.

Nilikuwa fundi wa ngozi zenye manyoya: chui, mbega, kanu, fisi-maji. Bwana wangu alikuwa Mgiriki mwenye duka na stoo nyuma ya soko, na watu wote walimwita Sisikii. Ukimwambia, "Bwana, leo stoo inanuka mpaka inzi wanakimbia," yeye hunusa hewa, anatikisa kichwa, anasema, "Mimi sisikii." Pua yake ilikuwa imekufa tangu utoto, na Mungu akampa kazi inayomfaa. Sisi wengine hatukubahatika hivyo. Mwalimu wetu wa msikitini aliniomba kwa upole niwe naswali safu ya nyuma, tena mlangoni, akaniambia si mambo ya dini, ni mambo ya kupumua. Nyumbani, mke wangu Mama Zaina aliniwekea ndoo na sabuni uani, na kabla sijaoga sikuwa na ruhusa ya kugusa mtoto wala sufuria.

Aliyenifundisha ni marehemu Fundi Hemedi, mtu mfupi, mkali, mwenye maneno machache na yote mabaya. Alikuwa akisema ngozi haitaki nguvu, inataka adabu. Mnyama akichunwa, usijidanganye kwamba mambo yamekwisha, ndiyo kwanza uozo unazaliwa. Unakwangua nyama yote na mafuta yote, unapaka chumvi siku ileile, unaitandaza ngozi kwenye kiunzi cha miti, kisha unaiweka kivulini. Kivulini, nasema! Mimi, nilipokuwa mgeni wa kazi, niliona kivuli ni uvivu, nikaanika ngozi ya mbega juani. Ikakauka upesi, nikajiona nimemzidi mwalimu wangu akili. Tukaitengenezea kola, akaivaa mke wa daktari kwenye karamu, na manyoya yakaanza kunyonyoka, moja baada ya jingine, yakiingia kwenye supu yake.

Fundi Hemedi hakunipiga. Aliagiza bakuli la supu kwa mama wa sokoni, akachukua kipande kilichobaki cha ngozi ile, akakitikisa juu ya bakuli kama mtu anayetia chumvi, akanisogezea. "Kula," akasema. Nikala. Tangu siku hiyo sijaanika ngozi juani, na mpaka leo supu naitazama kwanza.

Na makasi, wapenzi wangu, wekeni kando. Manyoya hayakatwi kwa makasi, ukikata hivyo mshono wote unaonekana kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mlevi. Unageuza ngozi, unaishika hewani, unakata kwa wembe upande wa nyama, polepole, manyoya yenyewe yasiguswe. Kabla ya hapo umeilainisha kwa shabu na chumvi, umeisugua kwa kiini cha yai na mafuta kidogo, umesugua tena, umesugua mpaka mabega yanakulaani. Mwishoni unaiviringisha kwenye unga wa mbao, nayo inatoka safi, laini, inang'aa, hata wewe uliyeiona ikinuka jana unataka kulala juu yake.

Ngozi zenyewe zilitoka upande wa Kabambare, Lusangi, mpaka huko Salamabila kwenye dhahabu. Zamani kule kwa wakwe zangu, ambao ni Wabangubangu wa Kabambare, mwindaji akiua chui alimpeleka kwa chifu mzimamzima, amefungwa kwenye mti kama bwana mkubwa anayebebwa kwenye machela. Sisikii alipokuja na magunia ya chumvi, baruti na vitambaa, wawindaji waligundua kwamba njia ya kwenda kwa chifu ina vilima vingi, na njia ya kwenda Kasongo ni tambarare. Siwalaumu. Chumvi ni chumvi. Lakini chui wakawa wanapungua, na nguruwe-mwitu na nyani, ambao chui alikuwa akiwapunguza kila usiku bila kudai mshahara, wakawa wanaongezeka katika mashamba ya watu.

Sasa niwaambie habari za Madamu. Mume wake alikuwa mkubwa wa mambo ya pamba, mtu wa kusafiri sana na kununa sana. Yeye mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu najua mtamchukia upesi, na hata mimi ningependa, lakini alikuwa akinikaribisha kahawa katika kikombe kilekile alichonywea wageni wake, jambo ambalo wazungu wenzake walilisema vibaya wiki nzima. Alikuwa na upweke, alikuwa na kamera, na alipenda kuvaa. Jumapili alikwenda misa na ngozi ya mbweha wa kwao shingoni, pamoja na kichwa chake na macho ya kioo. Siku moja padri aliwahubiria watu waache ushenzi wa kuvaa ngozi na makucha ya wanyama. Madamu alikuwa mstari wa mbele, mbweha amelala begani, anamtazama padri usoni bila kupepesa. Mashemeji zangu Wakristo walirudi nyumbani wakiulizana kama mbweha yule alikuwa amebatizwa.

Madamu alitaka manto ya chui. Manto ni koti refu la baridi, la kufika magotini, na yeye alikuwa anakaribia kurudi Ulaya kwa likizo, akataka aingie kwao watu wakigeuka. Mtauliza, manto moja inakula chui wangapi? Inakula saba. Maana unachukua mgongo tu, pale madoa yanapokaa vizuri. Kichwa, miguu, tumbo, mkia, vyote vinatupwa. Nililinganisha madoa mchana baada ya mchana, doa la huyu likutane na doa la yule mpaka jicho lisijue chui mmoja anaishia wapi. Nikatia bitana ya hariri. Madamu akataka na mfuko. Nikatia mfuko.

Msitegemee niwaambie kwamba nililia nikiwahurumia wale chui. Sikulia. Nilijivuna. Ile manto ilipokuwa imevikwa sanamu ya mbao stoo, nilikuwa naizunguka kama bwana harusi. Kazi nzuri ina haya mambo: inakuziba macho, na bado unaona vizuri.

Wakati uleule chifu wa kijiji cha wakwe zangu akafariki. Desturi yao ni kwamba chifu anazikwa amefungwa ndani ya ngozi ya chui wake, kwa hiyo anayemfuata lazima apate chui mpya wa kukalia. Bila kukalia chui, wewe si chifu, wewe ni mtu aliyekaa chini. Na chui yule si wa kujipamba. Aliyemkalia hawezi kuziba masikio. Mtu yeyote akija mbele yake, akapiga makofi ya polepole na kukunja goti, lazima asikilizwe, hata chifu akiwa na tonge mdomoni. Tena siku ya kwanza, ombi la kwanza kabisa linaloletwa mbele yake halikataliwi, hata liwe la mwendawazimu. Wazee si wajinga, siku hiyo humpanga mtu mapema aombe jambo jepesi, mbuzi mmoja au mtungi wa pombe, mambo yapite salama.

Wazee walikuwa wamemchagua shemeji yangu Kalonda, kaka wa Mama Zaina, mtu mtulivu mwenye kusikia watu. Lakini kulikuwa na mwingine aliyeitaka nafasi ile, kapita wa pamba, yule msimamizi wa mashamba aliyetembea na kamba ya kuchapa watu kiunoni. Mwaka uliotangulia mama mkwe wangu alileta pamba pungufu, na kapita akamfunga juani kutwa nzima, mwanamke mzee vile. Mkubwa wa teritware, yaani yule mzungu mtawala wa Kabambare, alikuwa ametangaza siku ya kuja kumvika chifu mpya medali ya serikali. Alisema, "Mimi naheshimu desturi. Atakayekaa juu ya chui, ndiye. Kama hakuna, nitamvika kapita." Wawindaji wakaingia porini, wakatoka. Wakaingia tena, wakatoka na nguruwe. Chui hakuna.

Ndipo akaja Kasongo Muzee Kalume, mwenye kushika desturi za kijiji, amepanda kamio, lile lori la pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Mama Zaina mwenyewe akamleta mpaka stoo kwangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akasimama mlangoni na kitenge kimeziba pua.

"Mukwe," akasema Muzee Kalume, "tunatafuta chui mumoja."

"Muzee, stoo iko bure, hakuna kitu. Ngozi zote zilikwenda Kindu. Sasa ziko njiani kwenda Ulaya."

"Chui wetu wote iko Ulaya?"

"Wengi."

"Wanafanya nini huko?"

"Wanavaliwa, muzee."

Akahesabu kwa vidole. "Nguruwe wanakula muhogo yetu, nyani wanakula mahindi, na askari wetu wamekwenda kuwapasha moto wanawake wa watu. Haya."

Mama Zaina akatoa kitenge puani. "Baba Zaina," akasema, "chui wote wa kwetu wamepita katika mikono yako. Leo kaka yangu anakosa mumoja? Mama yangu afungwe tena kwenye jua?"

Moyo uliniuma, maana yule mama mkwe alinipenda kuliko nilivyostahili. Nikaanza kuwaonyesha ngozi za kanu, nikisema kanu naye ana madoa, ni kama chui ambaye hakukua. Muzee Kalume alinitazama kama mtu aliyeletewa panya badala ya mbuzi wa mahari. Kisha akaiona manto.

"Ile kitu iko nini?"

"Iko nguo ya baridi, muzee. Chui saba."

"Baridi iko wapi?"

"Iko Ulaya."

Kabla sijaeleza zaidi, Madamu akaingia. Alikuwa amekuja kujaribu kwa mara ya mwisho. Akaivaa manto palepale, saa ya jua la utosi, akajizungusha mbele ya kioo. Na Muzee Kalume, mtu asiyejua mzaha katika mambo ya chui, akakunja goti chini kwenye unga wa mbao na kupiga makofi ya polepole.

"Anafanya nini huyu?" Madamu akaniuliza.

"Anakusalimu, Madamu. Anakusalimu kama chifu."

Akafurahi sana. Akanyoosha shingo. "Mwambie nasikia."

"Mama Mwenye Chui," akasema Muzee Kalume, "chui saba walikuwa wanatulindia mashamba. Sasa uko nao weye mumoja. Vizuri. Njoo basi utukamatie nguruwe."

Nikamtafsiria neno kwa neno. Madamu akacheka, akacheka mpaka machozi na jasho vikachanganyika, akawa mwekundu, akashindwa kupumua, akaivua manto na kuitupa juu ya benchi. Muzee Kalume akaacha makofi. Akasimama, akaenda, akaketi kando ya manto, mkono mmoja juu yake.

"Amevua," akasema.

"Ni joto, muzee."

"Aliyekufa hatumuulizi alikufa kwa sababu gani kabla ya kumuzika. Mwenye chui akivua, amekwisha. Chui huyu hana mutu tena."

Mnaelewa? Kwao chui wa kukalia ndiyo vazi la chifu, na chifu havui. Havui kwa joto wala kwa mvua wala kwa kulala, mpaka kaburini. Yule muzee hakuwa anafanya ujanja. Aliona kwa macho yake mwenyewe chifu akijiuzulu, akaketi kuulinda urithi.

Sisikii aliposikia kelele akaja mbio, akataka kuita polisi. Madamu akamnyamazisha, akaniambia nimweleze yote. Nikamweleza yote: chifu aliyekufa, Kalonda, kapita na kamba yake, mama mkwe wangu juani, medali. Akasikiliza. Kisha akaudhika kidogo. "Mwambie huyu muzee, na wao si wanaua chui? Mbona mimi ndiye nionekane mbaya?"

"Mwambie tunaua," akajibu Muzee Kalume. "Tunaua mumoja, kwa mutu mumoja, na huyo mutu tunamutesa mpaka anakufa. Kila siku makofi, kila siku matata ya watu. Yeye amevaa saba. Nani anamupelekea matata?"

"Mume wangu," akasema Madamu.

Hapo hata Mama Zaina alicheka.

Mimi niliyesimama katikati nikitafsiri, nitawaambia nilichofikiri, na msinigeuze mtakatifu. Nilifikiri: huyu anasema hata wao wanaua, yule anasema ni desturi, wote wana sababu nzuri, na chui hakuulizwa na upande wowote. Lakini tofauti niliiona. Wa kwanza alitaka watu wamtazame. Wa pili alitaka chifu ambaye watu wataweza kumsumbua. Nikaona aibu kidogo, nikaitazama ile mishono yangu mizuri, aibu ikapungua.

Madamu akazunguka benchi. "Na huyo chifu atakaa juu ya manto yangu, mbele ya mkubwa wa teritware?"

"Ndiyo, Madamu."

"Naweza kupiga picha?"

"Unaweza."

"Basi nawaazima. Siku moja tu, ikiisha shughuli nairudisha kwangu."

Nikamwambia Muzee Kalume bila kuficha: mzungu ataitaka manto yake. Akapangusa vumbi kwenye kope. "Akiitaka, aje aombe kama watu wengine. Anayekalia chui anasikia kila mutu."

Siku ilipofika, Madamu alikwenda na gari yake, manto ndani ya sanduku. Sisi tulipanda kamio, juu ya magunia. Kijiji kilikuwa kimejaa. Mkubwa wa teritware alikaa kwenye kiti na kofia yake nyeupe, askari wawili nyuma yake. Kapita alikuwa amesimama karibu, amevaa viatu vipya, anatabasamu, maana alikuwa amesikia kwamba chui hakuna. Muzee Kalume akafungua sanduku na kuitandaza manto chini, hariri chini, manyoya juu, mikono imenyooshwa huku na huku kama mtu aliyeanguka kifudifudi.

Watu wakasogea karibu kuangalia. Kichwa hakuna, mkia hakuna, kucha hakuna.

"Muzee," mmoja wa wazee akanong'ona, "chui gani ana mufuko?"

"Chui ni chui," akasema Muzee Kalume, "hata akiwa na vifungo."

Kalonda akakaa. Nilimwona akipapasa manyoya kwa kiganja, taratibu, na uso wake ukabadilika. Tangu dakika ile sikumjua tena kama yule niliyekuwa nikicheza naye bao. Mkubwa wa teritware akamvika medali. Vigelegele vikapasuka mpaka kuku wakaruka juu ya paa. Nikamtafuta kapita, nikaona mgongo wake tu, anaondoka, viatu vipya vinamuuma. Mama mkwe wangu alinishika mkono akalia, nami nikalia naye. Hapo nililia, andikeni.

Kisha Muzee Kalume akatangaza kwamba chifu anasikiliza ombi la kwanza. Yule wa kupangwa, babu mmoja mwenye kuomba mbuzi, akaanza kujikokota mbele. Lakini mawingu yalikuwa yamefunga upande wa mashariki, na Madamu alikuwa ameiogopea manto yake mvua. Akanijia haraka. "Ramazani, picha nimemaliza. Niletee manto."

"Siwezi, Madamu. Amekalia."

"Basi nifanye nini?"

"Piga makofi, kunja goti, uombe. Ombi la kwanza hakatai."

Na mjue kwamba alikuwa tayari! Alicheka, akampa dereva kamera yake, akasogea mbele ya Kalonda, akainua mikono. Yule babu wa mbuzi akasimama palepale, mdomo wazi, hajawahi kuona mzungu akipanga foleni. Ndipo mkubwa wa teritware akaruka kitini, amekuwa mwekundu kama chikichi bivu, akamkamata Madamu kiwiko. Alisema kwa Kifaransa, lakini hata mbuzi walielewa: mwanamke mzungu kumpigia goti mtu mweusi, mbele ya kijiji kizima, haiwezekani, akifanya hivyo kesho nani atalima pamba? Madamu akajibu kwamba ni manto yake. Yeye akajibu kwamba ni serikali yake. Wakavutana hivyo, kiwiko huku, kiwiko kule, na watu wote tukawatazama wao.

Hapo nikasikia makofi ya polepole.

Nikageuka. Alikuwa Mama Zaina. Mke wangu mwenyewe, goti kwenye vumbi, macho yametazama chini.

"Chifu, mwana wa mama yangu," akasema. "Ninaomba. Tangu leo ngozi ya chui wa inchi hii isiuzwe tena Kasongo. Mutu akiua chui aliyekamata mbuzi yake, alete ngozi hapa kwako. Isipite tena kwa fundi. Mume wangu iko hapa, anasikia."

Yarabi! Kalonda akainua macho, akanitafuta kati ya watu, akanipata. Alijua. Karibu ngozi zote za Sisikii zilitoka katika pori lile, na nusu ya sahani ya watoto wangu ilitoka kwa Sisikii. Nikamtikisia kichwa: kataa, shemeji, kataa, mimi ndiye niliyekuletea hicho unachokalia. Nikaona anaumia. Kisha akashusha macho kwa dada yake.

"Nimesikia," akasema. "Iwe hivyo."

Mkubwa wa teritware akauliza wamesema nini, akatafsiriwa, akasema ni vizuri, baruti itapungua mikononi mwa watu. Babu wa mbuzi akarudi kukaa, amenuna. Ombi la kwanza lilikuwa limekwisha kutumika, na Madamu aliingia garini bila manto. Alikuwa bado anacheka alipofunga mlango, lakini gari ilipogeuka nilimwona amejifunika uso kwa mikono miwili. Alikwenda Ulaya na mbweha wake na picha. Sisikii aliponisikia nikisimulia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisikia vizuri sana, akanifukuza, na mwaka haukuisha akaacha ngozi akaingia katika mawese. Nami nikaanza kushona ngozi ya ng'ombe: viatu, mikanda, matandiko ya baiskeli. Ndiyo kazi iliyonizeesha.

Lakini jioni ile, tukirudi Kasongo juu ya kamio, sikuwa nimejua kama nitazeeka na kazi yoyote. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwasha moto. Nilingoja mpaka Muzee Kalume, aliyetusindikiza mpaka njia panda, ateremke. Kisha nikamgeukia mke wangu.

"Mama Zaina, umenivua nguo mbele ya wakwe. Neno kama lile, mbona hukuniambia kwanza nyumbani?"

"Nilikuambia, Baba Zaina. Tangu Zaina hajatembea mpaka sasa amepata meno yake makubwa, ninakuambia uache ngozi hizi."

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulinizidisha hasira. "Basi ungesema tena! Ungesema kwa nguvu! Kwa kaka yako umeweza, kwangu unashindwa nini?"

Akajifunga kitenge vizuri, maana mvua ilikuwa imeanza, akasogea kidogo ili na mimi nipate pa kujikinga.

"Kaka yangu amekalia chui," akasema. "Lazima anisikilize. Weye nyumbani unakalia kiti tu."

Vijana, tulizaa watoto wengine, tukazeeka, na Mama Zaina amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mpaka siku hiyo nilikuwa bado namtafutia jibu.